Moto Kushoto

Baba yangu, Norman Sugden, hajawahi kumruhusu fundi bomba akanyage kizingiti chake, na kwa ukaidi huo nusura ampike mama yangu akiwa hai. Nalisema kama lilivyo. Nampenda mzee wangu, lakini kumpenda hakujanipofusha.

Mama, Brenda, alipata kiharusi mwezi wa Oktoba akiwa kwenye foleni ya duka la mikate, hapa hapa mjini kwetu Todmorden. Upande wa kulia ukafa: mkono, mguu, hata ngozi yenyewe. Ungemchoma sindano asingejua. Maneno nayo yakawa yanamjia moja moja, na kila moja lazima alitafute kwanza. Akili ilibaki yake yote. Hilo ndilo lililomuuma, maana watu walianza kumsemesha kama mtoto mchanga.

Ilipofika Februari, hospitali wakasema sasa inatosha, kitanda kinahitajika. Ama Mama arudi nyumbani, ama aende nyumba ya wazee kule Halifax, na kitakachoamua ni bafu. Mkaguzi wao angemleta Mama siku ya Alhamisi, amtazame akipanda ngazi, amtazame akioga mwenyewe, kisha aandike ndiyo au hapana. Sisi tulikuwa na hodhi la kuogea tu, lile la zamani lenye ukingo mrefu, na Mama hawezi kuinua mguu kiasi hicho. Halmashauri wangetuwekea shawa, ila foleni yao ilikuwa inaishia kiangazi.

"Halifax!" Baba akasema. "Brenda hakubali kwenda Halifax hata kununua viatu. Nitaiweka mimi hiyo shawa."

"Baba, tumwite fundi."

"Fundi wa nini? Gaynor, mimi nimetengeneza mashine za kufuma maisha yangu yote, zina vyuma elfu moja na zote zinakwenda. Bomba lina nini? Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Fundi anakuja, anakunywa chai yako, anavuta pumzi kwa meno, anakwambia aliyefanya kazi hii mwanzo alikuwa mjinga. Aliyeifanya ni mimi!"

Basi. Ukishaona mishipa ya shingo ya Baba imesimama, jua mazungumzo yamekwisha.

Akang'oa hodhi, akanunua shawa ya ukutani, ile ya mchi wa chuma unaolala, wenye kishikio kila ncha: kimoja cha kufungua maji, kingine cha joto. Aliponionyesha macho yalimng'aa, akanisahaulisha hasira zangu kwa muda. "Ona hii. Ndani kuna kidude kina akili kuliko binamu yako. Unaweka nyuzi thelathini na nane. Maji yakizidi moto, kinabana njia ya moto. Yakipoa, kinaifungua. Mtu haungui hapa hata akitaka." Yale maelezo yaliyokuja kwenye boksi aliyafungia masalia ya samaki na chipsi.

Shida ikawa ukuta. Kwa kawaida unabomoa vigae, unapitisha mabomba, unabandika vigae vipya. Lakini vile vigae vya waridi Mama alivichagua mwenyewe, kimoja kimoja, na Baba akaapa havitaguswa zaidi ya matundu mawili. Kwa hiyo akaingia chumba cha nyuma, chumba changu cha utotoni, ambacho ukuta wake ni huo huo wa bafu kwa upande wa pili. Akakata plasta, akafungua uwazi mkubwa kama dirisha ukutani, na mabomba akayapandisha kwa huko, yanachungulia bafuni kupitia yale matundu. Nikiri kwamba nilimsifu. Niliona ni wazo la mtu mwenye mapenzi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda changu cha zamani nikimpa spana, yeye kapiga magoti mbele ya ule ukuta uliopasuliwa, akiimba peke yake kama muumini kanisani: "Moto kushoto, baridi kulia. Moto kushoto, baridi kulia." Kwetu ndivyo ilivyo, kila sinki, kila hodhi, tangu babu zetu. Mtoto hajui kusoma lakini anajua moto uko kushoto. Bomba la kushoto akalifunga utepe mwekundu, la kulia wa buluu. Akakaza, akafuta jasho, akaenda bafuni kufungua. Maji yakatoka. Hakuna tone lililovuja.

"Nani kasema fundi?" akapiga kelele, akanishika mikono, tukacheza katikati ya vumbi. "Nani?"

"Yana moto?" nikauliza.

"Boila ya kuchemsha maji nimeizima, Gaynor, ningefanyaje kazi na boila inawaka? Nitaiwasha kesho."

"Tuijaribu sasa hivi basi."

"Tunajaribu kuvuja! Kuvuja ndio kazi! Moto ni moto tu, utakuja. Unanifundisha?"

Nikamwacha, nikaanza kuokota spana. Tulikuwa tumechoka, tuna njaa, na sakafu ilikuwa bado haijasafishwa.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari la hospitali likasimama, na mkaguzi akashuka kwanza, mwanamke mrefu wa makamo aitwaye Rosalind, mwenye sweta la kijani na kitambulisho shingoni. Akamsaidia Mama kutoka, kisha akamwachia mkono. Mama akapita mlango wa nyumba yake na kifimbo chake, taratibu, akasimama ukumbini akavuta harufu. Mimi machozi yakanilenga. Baba akaanza kuongea bila kituo: barabara ilikuwaje, mvua hii, chai na maziwa au bila, biskuti zile za tangawizi Brenda anazozipenda zipo.

"Bwana Sugden," Rosalind akasema kwa upole, "chai baadaye. Twende juu kwanza, kabla Bi Brenda hajachoka."

Ngazi Mama alizipanda vizuri. Mguu mzima kwanza, mgonjwa unafuata, mkono wa kushoto umeng'ang'ania kishikio cha ukutani. Baba yuko nyuma yake mikono imetandazwa, anasema, "Vizuri, Brenda, vizuri, bado tatu, bado mbili." Kule juu Rosalind akamweleza Mama utaratibu: atavua, atakaa kwenye kigoda cha plastiki, atafungua maji mwenyewe, atajiosha. Yeye Rosalind atakuwa ndani naye, pembeni, hatasema neno wala hatashika kitu ila pakiwa na hatari.

"Na sisi?" Baba akauliza.

Mama akatafuta neno, akalipata. "Nje."

Tukatoka. Mlango ukaegeshwa, tukasimama pale kwenye kijia cha juu ya ngazi, mimi na Baba, tunasikiliza. Baba alikuwa kajifinya kwenye ufa wa mlango na kofia yake anaikamua mikononi. Tukasikia kigoda kikiburuzwa. Tukasikia Mama akihema. Kisha maji.

"Yako sawa?" Baba akapaza sauti.

"Baridi," Mama akajibu.

"Subiri kidogo! Yanatoka mbali, boila iko jikoni!"

Tukasubiri. Boila yetu huwa inanguruma ikiwaka, nyumba nzima inaisikia. Sikusikia kitu.

"Baridi," Mama akasema tena, mkono tu ukiwa majini, na meno yalikuwa yanagongana.

"Zungusha cha joto! Kile cha kulia! Peleka kwenye nyekundu!"

"Nime... Baridi."

"Zaidi!"

Kupitia ule ufa nilimwona Rosalind anaandika kitu. Niliona kabisa Halifax: mlango wenye namba ya siri, televisheni inawaka mchana kutwa, Mama kakalishwa dirishani kavalishwa sweta la mtu mwingine. Nikasema moyoni boila imezimika, na nikakumbuka kwamba chumbani kwangu ukuta bado uko wazi. Nikaenda mbio kuyashika mabomba.

Bomba la kulia, la utepe wa buluu, lilikuwa linapita maji kwa nguvu, baridi hata linauma kiganja. La kushoto, lenye nyekundu, limetulia tuli. Hakuna kinachopita. Nikabaki nimelikodolea macho. Moto kushoto, baridi kulia, kama alivyoimba. Kwa nini moto haupiti?

Nilikuwa nimeupa ukuta uso wangu. Upande wa pili wa ukuta ule ule, mama yangu alikuwa ameupa uso wake. Tulikuwa tumeelekeana, mimi na yeye, kama watu wanaosalimiana. Na mkono wangu wa kushoto ulikuwa upande wake wa kulia.

Mungu wangu.

Baba alihesabu kushoto kwake akiwa huku. Kule bafuni maji ya moto yanaingilia mlango wa baridi, na baridi inaingilia mlango wa moto. Na kile kidude cha ndani, masikini, kilikuwa kinafanya kazi yake barabara. Kinahisi baridi, kinapanua njia ya moto, na njia ya moto inaleta baridi. Kadri Mama alivyoomba joto, ndivyo kilivyozidi kumgandisha. Sasa mtu akiomba baridi je? Kitafungulia moto. Kikihisi moto kitabana, lakini kitakachobana ni baridi, na utakuja moto mtupu, moto wa boila, ule ambao mimi mwenyewe kwenye sinki la jikoni nautilia kwanza maji ya baridi. Na kadri utakavyozidi kuunguza ndivyo kitakavyozidi kubana.

"Basi rudisha!" nikasikia Baba akipiga kelele kule nje. "Brenda! Irudishe upande wa baridi, halafu tena moto, imekwama tu! Irudishe mpaka mwisho!"

"Baba, usi..."

Kule chini boila ikanguruma. Bomba la kushoto likaanza kutetemeka chini ya vidole vyangu. Likawa vuguvugu. Likawa moto. Nikaondoa mkono, siwezi kulishika.

Nikatoka mbio. "Baba! Umegeuza! Mwambie asiingie!"

"Yamekuja!" Baba alikuwa anacheka, machozi yanamtoka kwa furaha. Mvuke ulikuwa unapenya kwenye ufa wa mlango. "Unaona mvuke? Yamekuja! Ingia chini yake, Brenda, ni salama!"

"Baba, umegeuza mabomba!"

"Nimegeuza nini? Moto kushoto!"

"Kushoto kwako! Kushoto kwa chumbani!"

"Kushoto ni kushoto, wewe mtoto vipi! Brenda! Usimsikilize! Haiwezi kuunguza, ina kidude! Ingia!"

Nikajaribu kumpita. Kijia kile ni chembamba, na yeye ni mtu mpana, tena kaushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili bila kujua kwamba ananizuia. Nikampiga mgongoni. Ndiyo, nilimpiga baba yangu, na ngumi yangu aliihisi kama anavyohisi mvua. Nilichokiona kwenye akili yangu ni mguu wa kulia wa Mama, ule usiohisi, upo chini ya yale maji, unaiva, na yeye ametulia anasubiri aambiwe kama amefanya vizuri.

"Mama! Usiingie!"

"Ingia, Brenda!"

"Mama!"

"INGIA!"

"Hapana," Mama akasema.

Hakulitafuta neno hilo. Lilikuja lenyewe.

"Hapana, Norman."

Kisha maji yakakatika. Kimya kikaja ghafla hata nikasikia mvua dirishani. Baba akaachia mwimo, mlango ukafunguka wenyewe, nikaingia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekisukuma nyuma kadri mkono ulivyofika, miguu yote miwili mikavu. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umeshika kile kishikio cha kufungia. Ncha za vidole vya mkono huo zilikuwa nyekundu, na ni ncha tu. Alikuwa ameyajaribu maji kwa mkono unaohisi kabla ya kujipeleka, akaondoa, akayafunga. Rosalind alikuwa kasimama karibu naye kabisa, mkono wake mmoja hewani, kiganja kimoja tu kutoka kwenye kile kishikio. Uso wake ulikuwa mweupe kama chaki. Hakuwa amegusa kitu.

Nikamfunika Mama taulo. Nikamkumbatia, na yeye ndiye aliyenipigapiga mgongoni.

Baba hakuingia. Nilimsikia anakwenda chumbani kwangu, hatua nzito. Nilipochungulia nilimwona kasimama mbele ya ukuta, anatazama zile tepe mbili. Akainua mkono wa kushoto. Akageuka, akaupa ukuta mgongo, akainua mkono ule tena. Akabaki hivyo, mkono juu, mzee wa watu, kama mwanafunzi anayejua jibu lakini hajachaguliwa.

Aliporudi alisimama mlangoni bila kofia.

"Naomba nijue," Rosalind akasema, kalamu mkononi, "nani aliyeifunga shawa hii?"

Nilikuwa tayari nimefungua kinywa niseme ni mimi, au ni fundi fulani wa mtaani, lolote, maana niliona wazi wakiandika kwamba nyumba hii ni ya hatari. Baba akanitangulia.

"Mimi," akasema. "Mwenyewe. Huyu binti alitaka fundi, nikamkatalia. Alitaka tujaribu na moto, nikamfokea. Mke wangu hana kosa lolote hapa, bibi. Kama ni kuandika hapana, iandike kwangu, usimwandikie yeye."

Rosalind akainamia karatasi yake. Aliandika, akafikiri, akaandika. Nilikuwa nimeshika bega la Mama.

"Shawa hii haiguswi," akasema mwishoni, "mpaka fundi mwenye cheti aje aifunge upya na aniletee karatasi yake. Hilo halina mjadala, Bwana Sugden."

"Aje," Baba akasema. "Aje hata leo."

"Na Bi Brenda." Akamgeukia Mama, akachuchumaa ili macho yao yalingane. "Mimi sikuja kukagua mabomba. Nilikuja kuona kama wewe unaweza kujilinda ndani ya nyumba hii. Umeambiwa ingia, kwa sauti ambayo hata mimi ilinitikisa, na umejaribu maji kwanza, na ukakataa, na ukafunga. Wapo wazima ambao wasingeweza. Ninaandika ndiyo. Shawa ikiwa tayari, unarudi kwako."

Mama akafumba macho. Mimi nikalia kwa sauti, sioni aibu kusema. Rosalind akasema sasa ile chai angeipokea, tena na sukari, akashuka chini kutuacha.

Baba akaingia bafuni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akachukua taulo ndogo, akapiga magoti kwenye sakafu yenye unyevu, magoti yakalia. Akashika mkono wa Mama, akatazama zile ncha nyekundu za vidole, akazipuliza.

"Nilikuambia uingie," akasema mwishowe. "Nilikuambia ni salama. Maisha yetu yote nikikwambia kitu hujanibishia. Leo mbona hukuingia?"

Mama akatafuta maneno. Tuliona anavyoyatafuta, midomo inajaribu, inaacha, na safari hii Baba hakumsaidia kuyamaliza. Alisubiri.

"Ukipiga kelele," Mama akasema, "hujui."

Baba akamtazama.

"Tangu... zamani," akasema Mama. "Kila mara."

"Na nikijua?"

"Unanyamaza."

Baba alitaka kujibu, nikamwona. Kifua kilijaa, shingo ikaanza kusimama. Kisha kikashuka. Akauinua ule mguu wa kulia wa Mama akauweka juu ya goti lake, akaufuta kidole kwa kidole, taratibu, ingawa ulikuwa mkavu na haukuwa ukihisi kitu.